Maswali ya Wasomaji: Posa ya Meja

SWALI: Katika picha ya Mrusi Pavel Fedotov, "Posa ya Meja" (1848), binti anakimbia na mama yake anamkamata gauni. Je, anakataa kuolewa?

JIBU: Usiharakishe kusema hivyo. Anza kuitazama picha mlangoni. Meja amesimama chumba cha pili akisokota sharubu, na mshenga, mwanamke wa makamo, ndiyo kwanza anaingia kutoa habari kwamba mgeni amefika. Baba mfanyabiashara bado anafunga vifungo vya koti. Binti amevishwa gauni la dansi, mabega wazi, naye yuko nyumbani kwao tu. Leso imemwanguka sakafuni. Kilichomshika zaidi ni haya na kiwewe. Mpishi analeta kulebiaka, mkate mkubwa wa kusukuma uliojazwa nyama au samaki. Hata paka anayejilamba katikati ya sakafu ana kazi yake: Warusi husema paka akinawa uso, wageni wanakuja.

Wasomaji wetu wengi hukosea kwenye mali. Sisi tumezoea mahari kutoka kwa mume. Katika nyumba hii mali hutoka kwa wazazi wa binti na kumfuata kwa mumewe, na meja anaihitaji sana: Fedotov mwenyewe alitunga shairi kuhusu ndoa hii, akaiita njia ya kurekebisha hali ya meja. Baba naye anatafuta cheo. Tangu 1845, ofisa wa jeshi la Urusi alipata umwinyi wa kurithi akifika umeja, na mke hufuata tabaka la mumewe. Ndiyo maana mama anashika lile gauni kwa nguvu kiasi kile.

Picha hii iko Jumba la Tretyakov, Moscow. Ni ndogo, kama sentimita 58 kwa 75, hivyo ukiitazama kwa mbali, leso na paka hutaviona. Nakala ya pili ya mchoraji, iliyoko St. Petersburg, haina taa kubwa ya dari, usizichanganye.

SWALI: Mbona picha za maandalizi ya harusi ya Kirusi huonyesha bibi harusi akichanwa nywele?

JIBU: Msichana alisuka msuko mmoja mgongoni. Siku ya harusi ulifumuliwa, akasukwa miwili, ikazungushwa kichwani na kufunikwa. Mke hakuonyesha nywele mbele ya watu. Konstantin Makovsky, katika picha yake ya 1889 iliyoko San Francisco, amechora saa ileile nywele ziko mikononi mwa mchanaji.