Weka Panga Chini Kidogo, Ndege Wanatotoa

Kila mwaka, wiki moja au mbili kabla ya Pasaka, mtaa wetu huku Rau, Moshi, huingia kwenye usafi mkubwa. Panga zinanolewa, ua zinakatwa, utando wa buibui unafagiliwa barazani, matope ya mbayuwayu chini ya paa yanabomolewa kwa fito. Wageni wakija wanasifia. Nami nilikuwa hivyo hivyo miaka mingi, hadi asubuhi moja nilipomwita kijana anikatie ua wa bogenvilia. Alipofika katikati akaja kunigongea mlango wa jikoni: "Mama, hebu njoo uone."

Kwenye rundo la matawi kulikuwa na kiota cha nyasi na vizizi, kidogo kama kikombe cha kahawa, na ndani yake makinda wawili wa shore. Macho bado yamefumba, hawana hata unyoya, wameachama midomo wakidai kulishwa. Mama yao alikuwa juu ya waya wa umeme analia bila kupumzika. Kijana wa watu alisikitika sana, akawa anarudia, "Sikuwaona kabisa, mama." Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyesema ua ukatwe, na sikuwa nimetazama ndani hata mara moja.

Tukakifunga kile kiota kwa kamba ya katani kwenye shina lililobaki. Lakini pale palishakuwa peupe, na kabla ya saa sita mchana kunguru walikuwa wamewachukua wote wawili.

Tangu siku hiyo nimebadili kalenda ya nyumba yangu. Ndugu zetu walioko Ulaya wanatuambia kwamba huko Machi na Aprili ndiyo majira ya kuchipua: miti inatoa majani, ndege wanaanza kuimba na kujenga. Sisi tulio chini ya Kilimanjaro kazi hiyo tunafanyiwa na mvua. Masika yakishika, kumbikumbi wanatoka ardhini, viwavi wanajaa kwenye majani, buibui wanatanda kila pembe. Hicho chote ni chakula cha makinda. Hata ndege wanaoishi kwa kula mbegu, wengi wao huwalisha watoto wadudu, kwa sababu mwili unaokua haraka vile unahitaji protini. Kwa hiyo ndege wetu wengi wanajenga wakati ule ule ambao sisi tunachukua panga na ufagio.

Ukiniuliza nimsaidieje ndege, jibu langu la kwanza ni hili: acha kitu fulani bila kukigusa kwa mwezi mmoja. Ua wangu sasa naukata Februari, kabla ya mvua, au nasubiri hadi Juni. Ikibidi kukata katikati ya masika, labda tawi limeziba njia, nakaa kwanza robo saa na chai yangu nikiangalia. Ndege akiingia sehemu moja mara tatu, nne, mdomoni ana kitu, basi hapo hapakatwi.

Utando wa buibui ndio ulionifundisha zaidi. Mwaka juzi niliona uchafu umening'inia kwenye waya wa balbu nje ya jiko: majani makavu, nyuzinyuzi, kama takataka iliyopeperushwa na upepo ikanasa. Nikachukua ufagio. Nilipouinua, akatoka chozi jike, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Nikashusha ufagio polepole.

Kwa siku zilizofuata nilikaa kwenye kigoda nikimtazama. Anajenga peke yake. Anakwenda kwenye pembe ya dari, anauzungusha utando mdomoni kama mtu anayekunja uzi, anarudi, anaubandika, kisha anausukuma kwa kifua akiwa ndani ili nyumba ipate tumbo. Utando ndio gundi na ndio kamba. Bila huo hakuna kiota. Kilipokamilika kilikuwa kama kifuko kinachoning'inia, kina mlango mdogo ubavuni na kijipaa juu yake cha kuzuia mvua, ndani kimetandikwa sufi laini ya mimea. Akalalia mayai wiki mbili hivi. Ukipita ulikuwa unaona mdomo tu umechomoza mlangoni. Dume wake, mwenye kifua cha bluu kinachong'aa na tumbo la manjano, alikuwa anafukuza kila anayekaribia, hata chozi wenzake waliofuata maua tu. Makinda walipotoka, chakula kilikuwa buibui wadogo na wadudu laini, safari baada ya safari, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Zikapita wiki mbili nyingine wakaruka. Mwezi mzima huo tulipika kwa taa ya betri, na hakuna aliyelalamika. Watoto ndio walikuwa wanawanyamazisha wageni.

Kama unataka chozi waje kwako, huna haja ya kununua kitu. Mwenye migomba tayari anao, maana wanapenda sana asali ya ua la mgomba. Ongeza mshubiri na hibiski, watakaa. Shore na kuzumburu wao ni watu wa papai. Mimi naacha moja liivie mtini kila wiki na nalihesabu kuwa ni lao. Kuzumburu wanaharibu na miche ya mboga, hilo sifichi, nafunika miche kwa chandarua kikuukuu. Mwenye eneo kubwa, tafadhali usikate mkuyu. Hondohondo wakubwa wanaoruka juu ya Moshi kwa kelele zile na mabawa yanayovuma wanafuata matunda ya miti kama hiyo.

Maji ni rahisi: sahani ya udongo isiyo na kina, jiwe katikati la kusimamia, mahali palipo wazi kidogo ili paka asiweze kujificha karibu. Mwaga na kusugua kila siku. Mbu anahitaji wiki hivi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo ukibadilisha kila siku hana nafasi. Nafaka kama mtama au chenga za mahindi unaweza kumwaga kidogo, hasa kiangazi, lakini masika sioni haja.

Sumu nazungumzia kwa uchungu. Jirani yangu mmoja alikuwa na panya stoo, akatega sumu. Siku chache baadaye bundi aliyekuwa analala kwenye mti mkubwa nyuma ya nyumba zetu akakutwa chini, amekufa, hana jeraha lolote. Siwezi kuapa kwamba ni ile sumu, lakini panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Anatembea akiyumba, na bundi anamkamata kirahisi kuliko mwingine yeyote. Najua wengi wetu tumelelewa kumwogopa bundi, akilia juu ya bati watu wanaanza kutajana nani anaumwa. Bibi yangu aliamini hivyo na nilimpenda sana. Lakini bundi anakuja kwenye nyumba yako kwa sababu kuna panya, na kila panya anayemla usiku ni mahindi yako yaliyobaki guniani. Tega mtego wa waya, fuga paka anayelala ndani usiku, ziba matundu ya stoo. Bustanini nako, viwavi kwenye mchicha nawaokota kwa mkono asubuhi, na wakizidi natumia maji ya mwarobaini uliotwangwa. Kiwavi aliyepuliziwa dawa akifika kiotani, anafika na dawa yake.

Sasa kuhusu kinda aliyeanguka, maana hili naulizwa kuliko yote. Mara ya kwanza nilimwokota, nikamweka kwenye boksi la viatu, nikamlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Asubuhi alikuwa amekauka. Ndege si mnyonyeshaji, tumbo lake halijaumbwa kwa maziwa, nami nilimuua kwa huruma. Fanya hivi: kama hana manyoya, tafuta kiota, mrudishe. Ile habari kwamba mama atamkataa kwa sababu ameshikwa na mkono wa mtu si kweli. Ndege hawatambui watoto wao kwa harufu yako. Kama ana manyoya, mkia mfupi, anarukaruka chini, huyo yuko shuleni. Wazazi wako karibu wanamlisha. Kazi yako ni kumfungia paka na mbwa, basi, na kama yuko katikati ya barabara msogeze kwenye kichaka.

Mbayuwayu wana mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya. Wale wa koo jekundu na mkia wa panda mrefu ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Mwezi Machi utawaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme kuelekea Himo, wanakula wadudu na kujiandaa. Mdudu wa gramu 20 hivi anayekwenda kuvuka Sahara! (Nimeandika mdudu, nisamehe, ni ndege, lakini udogo wake unanishangaza kila mwaka.) Hao hawajengi hapa, wanakwenda kujenga huko kwenye mabanda ya mifugo. Wanaojenga chini ya paa lako ni wa kwetu, kama yule mwenye kichwa cha rangi ya kutu na kifua chenye michirizi, anayebeba matope ya barabarani donge kwa donge hadi atengeneze chungu chenye mlango wa bomba. Usimbomolee. Kama kinyesi kinakukera mlangoni, pigilia kibao kipana chini ya kiota, sentimita 30 hivi, ukisafishe wakishaondoka. Mimi kibao changu kilikuwa kipande cha mlango wa kabati la zamani.

Vijana wenye manati nao, usianze na ukali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, na kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa, lakini mtoto wa miaka tisa humkamati kwa sheria. Niliwapa watatu daftari, nikawaambia wahesabu viota vya minana kwenye mchikichi ulio karibu na mto. Siku ya nne mmoja akaja mbio: "Shikamoo mama, kuna mmoja anabomoa nyumba yake mwenyewe!" Ndivyo ilivyo. Dume husuka, jike huja kukagua, asipoipenda anaondoka, na kiota kikishakauka bila kupata mwenyeji dume hukifumua aanze kingine kibichi. Yule mtoto alikaa pale hadi mama yake alipomwita chakula.

Mwaka huu mvua zimeanza vizuri. Jana saa kumi na mbili asubuhi, kurumbiza akiwa bado anaimba gizani, ile sauti inayoanza chini na kupanda hadi inajaza ua mzima, nilimwona chozi jike kwenye waya ule ule wa jikoni akiwa na utando mdomoni. Balbu nimeshaifungua, nimeiweka kabatini.