Maswali ya wasomaji: CG125, A100 au XL125S kwa vumbi la Dodoma?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu pikipiki ndogo za Kijapani za miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, ambazo bado zinauzwa na kununuliwa huku kwetu kanda ya kati. Tumeanza na iliyouliza wazi kuliko zote.

Wahariri, salaam. Nimepata pikipiki tatu za zamani kwa bei zinazokaribiana: Honda CG125, Suzuki A100 na Honda XL125S. Zote zinawaka. Nataka ya kwenda shamba, kilometa kama 18 za vumbi na makorongo ya mchanga, na mara mbili kwa wiki nibebe gunia la mahindi. Nichukue ipi? – Mkulima, Kibaigwa

Ndugu yetu, usianze na mwendo wala nguvu. CG ilipokuwa mpya ilitoa hosipawa kama 11, A100 kati ya 9 na 10. Kwa umri wa hizo zako tofauti hiyo imeshaliwa na miaka. Jiulize hivi: oili inafikaje kwenye vyuma vinavyosuguana, na vumbi likipenya, linaua nini kwanza? Hapo ndipo hizi tatu zinapoachana njia.

Honda walitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki ni punda wa kazi: inabebeshwa kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati. Injini za cc 125 walizokuwa nazo ziliweka kemushafti (shafti inayofungua valvu) juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, na oili ikichafuka hedi ndiyo inayotangulia kufa. Kwenye CG wakaishusha kemu chini, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni ya taiming, na valvu zikawa zinasukumwa na pushirodi mbili, yaani fimbo ndefu. Kemu yenyewe ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili. Ni injini rahisi, haina mbwembwe, na ndiyo maana inavumilia.

XL125S ina silinda yenye vipimo vilevile vya CG, kipenyo milimita 56.5 na mwendo wa pistoni milimita 49.5, lakini huko juu ni kitu kingine. Kemu iko kwenye hedi, na shingo zake zinazunguka moja kwa moja ndani ya alumini, bila beringi wala bushi. Oili ikipungua au ikijaa uchafu, alumini inalika, na hakuna kipuri cha kuweka pale. Unatafuta hedi nyingine. Ni hasara kweli, maana kwenye korongo XL inazipita hizo mbili: tairi la mbele ni la inchi 21 na shokapu zina mwendo mrefu. Ila kwa gunia la mahindi ni ndefu mno, nyuma inazama na mbele inakuwa nyepesi mkononi.

A100 ni tu-stroku (injini isiyo na valvu, inayochoma oili pamoja na petroli) ya cc 98, pistoni milimita 50 kwa 50. Haina kemu, haina tepeti (mwanya wa valvu) za kuseti. Oili haizunguki, inaungua, kwa hiyo kinachofika kwenye krenki, shafti kuu ya injini, kila wakati ni oili mpya. Pampu yake inaipeleka kwenye beringi za krenki na kwenye silinda. Vumbi litakula ringi za pistoni na bloku (nyumba ya silinda), lakini hedi na bloku hufunguliwa chini ya mti kwa spana chache, na bloku hurebolewa, yaani huchongwa upya, kwa pistoni ya ovasaizi (kubwa zaidi) milimita 0.5, kisha 1.0. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: tanki la oili likikauka bila wewe kujua, inanoki, yaani pistoni inanata kwenye silinda, safari hiyohiyo. Petroli nayo inakunywa zaidi ya CG.

Kwa kazi yako chukua CG, mradi ipite vipimo. CG ikiwa imechoka na A100 ni nzima, chukua A100 bila kinyongo. XL iwe ya mwisho.

Nenda asubuhi na mapema, uguse eksozi kabla ya kitu chochote. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha ili kukuficha shida ya kuwaka baridi. Rudi siku nyingine. Kwa CG na XL, chovya kijiti cha oili, pakaza tone kwenye karatasi nyeupe, ligeuze juani. Weusi si kitu. Ukiona mng'ao wa fedha kama maji ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, hiyo ni alumini inayosagika. Kwenye XL omba kifuniko cha hedi kifunguliwe, upitishe ukucha pale shingo za kemu zinapozungukia. Ukucha ukinasa kwenye mikwaruzo, hedi imekwisha. Muuzaji akikataa kufungua, toa bei ya hedi nzima kwenye bei yake au mwachie pikipiki yake.

A100 ifungue kifuniko cha kushoto, shika gurudumu la sumaku kwa mikono miwili, tikisa juu na chini. Lisicheze hata kidogo. Likicheza, beringi za krenki zimekwisha, na kupasua injini si kazi ya jioni moja.

Na kabla ya kutoa hela, linganisha namba ya chasi na ya injini na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Pikipiki za umri huu zimebadilishwa injini sana, na kadi isiyolingana itakusumbua Mamlaka ya Mapato (TRA) siku ya kuhamisha umiliki.

Shikamooni mafundi. Suzuki A100 yangu inatoa moshi mzito mweupe hata ikishapata moto. Fundi amepunguza pampu ya oili lakini moshi uko palepale, na plagi inalowa. – Mwalimu, Kondoa

Marahaba, mwalimu. Tafadhali rudisha pampu mahali pake leo hii, kabla hujaendesha tena. Kuipunguza kunanyima krenki oili, na inaelekea oili ya ziada haitoki kwenye pampu hata kidogo.

Ndani ya tu-stroku pistoni ikipanda inavuta, na mvuto huo uko mpaka kwenye nyumba ya krenki. Sili ya krenki (mpira unaozuia oili na hewa visipite) upande wa klachi ikikakamaa kwa uzee, mvuto huo unanyonya oili ya giaboksi, inaingia kwenye silinda na kuungua. Thibitisha hivi: mwaga oili ya giaboksi, jaza mpya ya SAE 20W-40 mpaka kwenye alama na uandike umetia mililita ngapi. Endesha kilometa 100, mwaga kwenye chombo kilekile, pima. Ikiwa imepungua na chini ya injini hakuna vujo, sili ndiyo mwizi.

Nunua sili za pande zote mbili. Ya kushoto, upande wa sumaku, ina umri uleule, na ikifa yenyewe hainyonyi oili, inanyonya hewa. Mchanganyiko unakosa petroli, injini inachemka na kunoki bila moshi wowote wa kukuonya. Hiyo ni hatari kuliko unayoiona sasa.

Upande wa kulia, ule wa klachi, fundi atakutana na diski inayofungua na kufunga njia ya kabureta. Kabla hajaitoa, aweke alama kwenye diski na kwenye shafti. Ikirudishwa imeruka jino moja, pikipiki itagoma kuwaka au itarudisha moto kwenye kabureta, na mtahangaika na plagi siku mbili bure. Bamba linalofunika diski lina oringi. Iwe mpya nayo.

Mkishafunga, toa mapovu yote kwenye mpira wa oili. Tanki la kwanza changanya oili ya tu-stroku kwenye petroli kwa 20 kwa 1, yaani mililita 250 kwa lita 5, huku pampu ikiendelea kufanya kazi. Itafuka moshi, vumilia. Weka alama kwenye tanki la oili. Ukiona kiwango kinashuka, pampu inafanya kazi na unaweza kurudi kwenye petroli tupu. Plagi weka NGK B7HS.

Yamaha AG100 yangu imerebolewa bloku, pistoni na ringi mpya. Baada ya wiki mbili ringi ya juu imevunjika vipande. Ringi ni feki? Na je, nibadilishane na A100? – Bahi

Inawezekana, lakini tuanze na bloku. Chukua bloku, ingiza kidole na upapase ukingo wa matundu ya kuingizia na kutolea hewa. Ukikuta makali kama ya kisu, umepata jibu. Mashine ya kurebo huacha ukingo mkali kila tundu. Kwenye injini ya valvu hakuna matundu ukutani mwa silinda, kwa hiyo fundi aliyezoea kurebo CG hafikirii jambo hilo. Kwenye tu-stroku ringi inapita mbele ya tundu, inatanuka kidogo kuelekea nje, inajigonga kwenye ukingo na kukatika. Kila ukingo ulainishwe kwa tupa ndogo ya mviringo, kisha msasa laini, mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Halafu osha bloku kwa maji ya moto na sabuni, si petroli peke yake, maana petroli huacha unga wa jiwe la kurebo kwenye mistari midogo ya ukuta wa silinda.

Angalia pia vipini vidogo kwenye mifereji ya pistoni. Kila ringi ina mwanya unaopaswa kukalia kipini chake. Bloku ikisukumwa kwa nguvu huku ringi imekaa juu ya kipini, ringi inavunjika siku ya kwanza.

Umeuliza pia kama ungebadilishana na A100. Usifanye hivyo. Cc ni karibu sawa, 97 kwa 98, lakini AG ilitengenezwa kwa ajili ya shamba: mnyororo umefunikwa wote, keria mbele na nyuma, stendi za pembeni kulia na kushoto. Kwenye tope la mbuga la Bahi mnyororo uliofunikwa peke yake ni sababu tosha.

CG125 yangu inagonga juu kama cherehani. Na je, vipuri vya pikipiki za Kichina vinaingia? – Bodaboda, Dodoma mjini

Seti tepeti injini ikiwa baridi kabisa, iwe imelala usiku kucha. Fungua kifuniko cha juu cha hedi na cha sumaku kushoto. Zungusha sumaku kinyume na mshale wa saa mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava. Roka zote mbili (vyuma vinavyobonyeza valvu) ziwe zinalegea mkononi. Moja ikikaza, zungusha raundi moja nzima tena. Fila geji (bamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.08 ipite kwa kugusagusa, valvu zote mbili. Ukikaza nati, pima tena, kwa sababu nati huvuta skrubu.

Ukiseti sawasawa na bado inagonga, tazama ncha ya skrubu ya kusetia kwenye roka. Ikiwa imechimbika kashimo, fila geji inalala juu ya kashimo kama daraja na inakudanganya: mwanya wa kweli ni mkubwa kuliko unaopima. Badilisha skrubu. Na chini ya injini kuna chujio cha nyavu. Kila ukibadilisha oili, karibu lita moja, litoe ulioshe. Kwa vumbi letu la kiangazi usipite kilometa 1,000.

Vipuri: injini nyingi za Kichina za cc 125 zimenakili CG, kwa hiyo pistoni, ringi na gasketi nyingi huingia. Nenda na kipuri cha zamani mkononi, ulinganishe kwa kalipa. Usikubali pistoni ya cc 150. Hiyo ni milimita 62, yako 56.5.

Pikipiki yangu ni ya volti 6. Taa ya nyuma inaungua kila wiki. Niweke betri ya volti 12? – Singida

Hapana, hiyo betri haitajaa kamwe. Soma wati zilizoandikwa kwenye balbu ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi za umri huo umeme wa taa unatoka moja kwa moja kwenye sumaku, na balbu ndizo zinazouzuia usipande. Ukiweka ya mbele yenye wati ndogo kuliko ya asili, au waya wake ukiwa umekatika, umeme wote unakimbilia nyuma na balbu ile ndogo inaungua ukikoleza tu mwendo. Rudisha wati za asili mbele, sugua kwa msasa mahali waya wa ethi (wa kurudisha umeme) unapofungwa kwenye chasi, ndipo ununue balbu nyingine ya nyuma.