Muulize Shangazi: hema, dubu na jirani mwenye tochi

Tangu niliposema hapa kwamba msimu huu tunarudi kulala kwenye hema milimani Virginia, hapa Marekani, simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali sita. Mlioniuliza bei ya hema, azimeni kwanza; mengi yanalala gereji mwaka mzima.

Shangazi, mume wangu anasema kulala porini ni starehe ya Wazungu, na yeye aliyekulia nyumba ya udongo hawezi kulipia kurudi huko. Nimjibuje? — Mama wawili, Columbus

Shemeji ananichekesha, ila hoja yake ina tundu. Weusi wa nchi hii hawakukaa mbali na misitu kwa kutoipenda. Walizuiwa. Hifadhi ya Shenandoah ilizinduliwa rasmi mwaka 1936, Virginia ikiwa bado inatenga watu kwa rangi. Mwaka 1939 Weusi wakapewa upande wao, Lewis Mountain, na ubaguzi huo haukumalizika kabisa hifadhini hadi mwaka 1950. Kambi ile ipo mpaka leo, analala yeyote, na mimi ndiyo ninayoipenda kwa udogo na utulivu wake.

Kufika nako kulikuwa mtihani. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, mbeba barua wa Harlem, New York, alichapa kitabu cha kuwaonyesha wasafiri Weusi wapi watapata kitanda, chakula na petroli bila kufukuzwa. Na kama shemeji anadhani msitu una wenyewe, mtajie Kapteni Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864. Mwaka 1903 yeye na askari wake Weusi ndio waliolinda hifadhi ya Sequoia, California, na wakaikamilisha barabara ya magari ya farasi hadi kwenye ile miti mikubwa.

Akikataa bado, mnunulie godoro zuri la kupuliza. Kwa wanaume wa umri wake linashinda historia.

Mwaka jana tulifika kambini jioni na familia. Jirani alitukodolea macho mpaka chakula kikatushinda, tukafungasha tukaondoka usiku. Tulikosea? — Baba, Dallas

Hamkukosea. Roho ikikataa mahali, ondoka. Pesa ya usiku mmoja si kitu.

Nikwambie yaliyonipata msimu wangu wa kwanza, kambi moja siitaji. Kila eneo lilikuwa na kinguzo, na kwenye kinguzo unabana kikaratasi cha malipo chenye tarehe yako ya kuondoka. Nilikuwa nachoma maandazi kwenye jiko la gesi, giza limeshaingia. Mzee mmoja akatoka upande wa pili, akapita mahema sita, akasimama kwenye kinguzo chetu, akakimulika kikaratasi kwa tochi, akakisoma juu mpaka chini, akarudi zake. Vya wengine hakuvigusa. Hakutukana, hakuuliza kitu. Sasa utamshtaki kwa lipi? Mafuta yaliunguza maandazi yote huku nikimtazama mgongo. Asubuhi akatusalimia kama vile hatujawahi kuonana.

Tangu siku hiyo sifiki kambini giza likiwa limeingia. Nafika jua lipo, nawapitia majirani kuwasalimu kabla hawajaanza kunisoma, na naomba eneo la karibu na mwangalizi wa kambi. Gari naliegesha likitazama njia ya kutokea. Risiti ipo mfukoni, si kwenye simu peke yake, maana mtandao porini ni bahati nasibu. Dada yangu nyumbani anajua jina la kambi, namba ya eneo na saa ya kumpigia. Ikipita bila simu, anajua aanze kuuliza wapi.

Mtu akija na maneno, usimpe mjadala. Ingiza watoto garini, shika namba ya gari lake, nenda kwa mwangalizi au kwa askari wa hifadhi, au piga 911, namba ya dharura. Ukiona bastola kiunoni mwa mtu, jua kwamba tangu mwaka 2010 sheria inaruhusu kuwa na silaha katika hifadhi za taifa ikiwa sheria ya jimbo inaruhusu, kwa hiyo bastola peke yake si kosa la kumshtakia. Hamisha hema tu. Na simu iwe na chaji ya kurekodi. Tarehe 25 Mei 2020, Christian Cooper, Mweusi aliyekuwa akitazama ndege Central Park, New York, alimwomba mwanamke Mzungu amfunge mbwa wake kamba kama kanuni za pale zinavyotaka. Mama yule akawapigia polisi simu akidai mwanamume Mweusi anatishia maisha yake. Video ya Cooper ndiyo iliyoonyesha nani alikuwa ametulia.

Inaniudhi, sikufichi, kwamba mimi napanga haya yote na mwenzangu Mzungu kazini anapanga soseji tu. Kama mara ya kwanza unaona uzito, nenda na kundi. Outdoor Afro, iliyoanzishwa na Rue Mapp kule California mwaka 2009, huwatoa Weusi pamoja kwenye matembezi na kambi.

Na dubu? — Mwoga, Baltimore

Dubu wa Shenandoah hakutaki wewe, anataka pilau yako. Chakula, sufuria, hata dawa ya meno na mafuta ya kujipaka, vyote vikae ndani ya gari lililofungwa au sanduku la chuma la kambini, hemani kamwe. Yosemite usiku hata garini chakula hakiruhusiwi, kwa hiyo soma kanuni za kila hifadhi. Ukikutana naye usikimbie. Simama, paza sauti, rudi nyuma taratibu.

Ukitaka cha kuogopa kweli, ogopa maji. Ajali za magari na kuzama ni miongoni mwa mambo yanayoua watu zaidi kwenye hifadhi za hapa, na wengi wetu wa bara hatujui kuogelea. Mtoto asikanyage mto bila jaketi la kuokolea, hata maji yakiwa ya magotini.

Usiku baridi kali. Naruhusiwa kuingiza jiko la mkaa hemani, makaa yakishaiva na moshi umeisha? — Mpishi, Minneapolis

Hapana! Makaa yasiyo na moshi ndiyo hatari, kwa sababu hayakukohozi. Gesi yake, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi: kichwa kinauma kidogo, unasinzia, huamki. Kuacha zipu wazi hakukuokoi. Hata jiko la gesi lipikie nje.

Baridi ya hemani hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo tandika mkeka mnene wa sponji kabla ya kuongeza mablanketi. Lala na soksi za sufu kavu. Pamba ikinyonya jasho inakugeukia. Chupa ya maji ya moto iliyokazwa vizuri, iweke miguuni. Mkaa wako utautumia kesho kwa mishkaki.

Nina kadi ya ukaazi. Niibebe porini au niiache nyumbani isilowe? — Houston

Ibebe, kwenye mfuko wa plastiki. Sheria inamtaka mkaazi wa kudumu aliyetimiza miaka 18 awe nayo wakati wote. Kwenu Texas ni muhimu zaidi: ukitoka hifadhi ya Big Bend kurudi kaskazini, njiani kuna kizuizi cha askari wa mpakani na utaulizwa uraia wako. Ambaye makaratasi yake hayajakaa sawa aongee na mwanasheria kabla ya kufunga mizigo, asimwamini Shangazi.

Tunaruhusiwa kupiga taarabu? — Mzaliwa wa Tanga, Atlanta

Ruhusa, mpaka saa 4 usiku. Kambi nyingi hutaka kimya kuanzia hapo hadi saa 12 asubuhi, na ukipitisha hata dakika tano, umempa yule mzee wa tochi sababu aliyokuwa akiitafuta. Spika iwe ndogo. Akija kabla ya saa 4, mkaribishe chai.