Kapsuli ya seli shina haimezwi

Tulipofika wodini, pumzi ya mwanangu ilinuka kama embe lililoiva kupita kiasi. Sukari ilikuwa juu hata kipimo kikashindwa kutoa namba. Siku tatu nyuma nilikuwa nimempunguzia insulini kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya boksi la shilingi laki mbili na nusu.

Boksi aliniletea wifi yangu hapa Gungu, Kigoma, kwa nia njema kabisa, akiwa na kijana mmoja aliyebeba kishikwambi chenye picha za kupendeza. Eti ni kapsuli za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine: mbili asubuhi, mbili jioni, na kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, linajijenga upya. Binti yangu ana miaka tisa, ana kisukari aina ya kwanza, na anachomwa sindano nne kwa siku. Wewe ungemfukuza?

Kilichoniponza ni kwamba yule kijana hakutunga kila kitu. Seli shina zinatibu kweli. Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wamepandikizwa uloto wa mifupa, na ndani ya uloto kuna seli shina za damu. Hata kapsuli ya seli ipo. Ila haimezwi.

Daktari alinielewesha kwa lugha ya mwaloni Kibirizi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili ndiyo iliyoziua seli zinazotengeneza insulini, na ukimpandikizia mtoto seli mpya, askari wale wale watazirudia. Basi wataalamu wakafikiria kuzivisha wavu. Wavu wa migebuka unawaacha dagaa wapite. Oksijeni, sukari na insulini ndio dagaa, wanaingia na kutoka. Chembe nyeupe za kinga ndizo migebuka, hazipenyi.

Wavu wenyewe mara nyingi ni aljineti, ute unaotolewa kwenye mwani wa kahawia (siyo huu tunaosikia unalimwa Zanzibar, huo ni mwekundu). Seli huchanganywa na ute, kisha hudondoshwa tone kwa tone kwenye maji yenye kalsiamu. Kila tone linaganda na kuwa kishanga, ndiyo kapsuli yenyewe, mithili ya punje ya ulezi, seli zikiwa hai ndani yake. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun waliwapandikizia panya wenye kisukari vishanga vyenye seli za kongosho, na sukari ikatulia kwa wiki mbili hadi tatu.

Mbona basi hatujavipata hadi leo? Nilimuuliza daktari hivyo hivyo, kwa hasira kidogo. Mwili ukikutana na kitu kigeni hukizungushia kovu, na kovu likiwa nene, hata dagaa hawapiti. Tena seli ikikaa mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita, inakosa hewa na kufa. Pia kongosho la mtu aliyefariki halitoi seli za kutosha watu wengi. Tatizo hili la mwisho limepungua: mwaka 2014 maabara ya Douglas Melton, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilionyesha namna ya kutengeneza seli za insulini kwa wingi kutokana na seli shina. Melton mwenyewe ana watoto wawili wenye kisukari hiki. Hilo lilinigusa kuliko maelezo yote.

Halafu mwaka 2025 zikatoka habari mbili, na mimi huzisoma pamoja. Kampuni ya Vertex iliwapa watu 12 dozi kamili ya seli za aina hiyo kupitia mshipa wa ini; baada ya mwaka, 10 walikuwa hawahitaji tena insulini. Lakini seli hizo hazikuvishwa chochote, kwa hiyo wagonjwa wanatumia dawa za kushusha kinga. Kampuni hiyo hiyo ilijaribu pia kuziweka seli ndani ya kifaa cha kuzikinga. Insulini iliyotoka ilikuwa ndogo mno, wakaliacha jaribio.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, akija muuzaji, muulize seli zake anazihifadhi wapi. Seli hai za kusubiri mgonjwa hugandishwa kwenye nitrojeni iliyo kimiminika, karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Zake zimetoka Mwandiga juani, nyuma ya bodaboda! Na hata zingekuwa hai, tumbo lingezisaga kama linavyosaga nyama. Akisema ni jaribio la tiba, mwombe kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kisha nyamaza umsikilize atakavyojibu. Wifi ndiye anayeuliza siku hizi, tena kwa ukali kunizidi.

Insulini usiikatishe kwa ahadi ya mtu yeyote. Kama huna friji, au umeme unakatika kama kwetu, chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, umwagilie maji asubuhi na jioni, ufunike kwa kitambaa kibichi na kuviweka kivulini penye upepo. Chupa iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Barafu isiiguse: insulini ikishaganda, imwage hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima.