Maswali na majibu: chapa za Kijapani na hadithi zilizomo

Nina chapa ya mbao ya mchoraji Kunisada. Juu pembeni kuna vistari vitano vya wima, vingine vimeunganishwa vichwa. Ni sahihi yake?

Hapana. Ni alama ya sura mojawapo ya kitabu cha Hadithi ya Genji, mwana wa mfalme, aliyoiandika Murasaki Shikibu, mwanamke wa kasri, mwanzoni mwa karne ya 11. Imetoka kwenye mchezo wa kunusa udi: vipande vitano, kila kimoja kistari chake, na vile unavyoona vina harufu moja unaviunganisha juu. Namna za kuviunganisha ni 52, hadithi ina sura 54, ikabidi zibuniwe alama mbili zaidi. Ukiitambua alama umeijua sura, na hapo ndipo utajua yule mwanamke nyuma ya pazia anamsubiri nani. Wengi huangalia kimono na maua, wakaipita hadithi bila kuisalimu.

Mbona Genji wangu ana kishungi chenye ncha iliyopasuka?

Kwa sababu si Genji wa Murasaki. Ni Mitsuuji, shujaa wa Ryutei Tanehiko, aliyeisimulia upya hadithi ile na kuipeleka karne ya 15. Vitabu vyake vilianza kutoka 1829, Kunisada akivichorea picha, na watu wa Edo, Tokyo ya leo, wakavigombania. Mwaka 1842 serikali ilivipiga marufuku. Tanehiko akafariki mwaka huohuo. Mitsuuji aliendelea kuchapwa. Kwa hiyo angalia nywele kwanza kabla hujamwambia mtu kuwa ni Genji.

Mchoraji Hokusai alichora mashairi yote 100 ya ule mkusanyo wa Kijapani wa washairi mia, kila mmoja shairi lake?

Alikusudia. Chapa zilizotoka ni 27.

Chapa zipo nyingi, sasa ya asili ni ipi?

Naulizwa hili kila mara, na kila mara jibu ni lilelile: hakuna picha moja ya asili iliyofichwa mahali. Mchoro wa msanii ulibandikwa kifudifudi kwenye kibao cha mcheri, ukachongwa, ukaishia hapo. Kila rangi ikapata sehemu yake ya kuchongwa, na alama mbili pembeni mwa kibao zikaishika karatasi isihame. Sogea karibu na paji la uso la mwanamke: kila unywele umebaki baada ya mbao kuondolewa huku na huku. Ule ni mkono wa mchongaji, si wa Kunisada. Majina ya wachongaji na wapiga chapa mara nyingi hayakuandikwa, na hata yalipoandikwa wauzaji wa leo hawayataji. Ni dhuluma.

Naweza kuitundika sebuleni, mkabala na dirisha?

Usithubutu. Wekundu na buluu za kale mara nyingi zilitokana na maua. Jua likishazila hazirudi. Na mtengeneza fremu asikukatie kingo hata kidogo. Muhuri wa mchapishaji, na jina la mchongaji kama lipo, mara nyingi hukaa hukohuko.