Usilipe hela ya kushika nafasi kabla hujapata bei ya maandishi

Mleta mada, simama hapo hapo. Umesema kliniki imekupa "kifurushi" cha milioni tisa cha IVF, yaani mayai yanarutubishwa maabara kisha yanapandikizwa tumboni, mwezi ujao unaanza sindano, nusu ya hela unayo na nusu "utaitafuta mbele ya safari". Ukauliza mkopo upi una nafuu, bima kama inachangia, na kama umwambie mama mkwe au unyamaze. Mimi nilipofika hapo kwenye "mbele ya safari" nikaweka chai chini. Hiyo njia naijua mdogo wangu, nimeacha bajaji huko.

Mwaka 2022 na mimi nilipewa kifurushi. Yule dada wa huduma kwa wateja, sauti kama asali, kila sentensi "mpenzi", akaniambia kwa simu: "Kila kitu kimo humo, mpenzi wangu." Kila kitu! Nikalipa kwa furaha, risiti nikaikunja kwenye Biblia. Siku ya kuanza sindano ndiyo naambiwa dawa ni juu yangu. Kumbe "kila kitu" ni kumuona daktari, kuvuna mayai na kupandikiza. Dawa siyo kitu.

Sasa hapa ndipo watu hawaelewi. Sindano za kukuza mayai unachoma kila siku, kwa kawaida siku 8 hadi 12, na dozi inaweza kupanda katikati kutokana na ultrasaundi inavyoonyesha. Mimi ilipanda siku ya sita. Huwezi kusema ngoja mshahara utoke. Mayai hayasubiri tarehe 25. Ukikatiza, zile ulizokwisha kuchoma umezimwaga. Basi nikakimbilia kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kuua. Milioni mbili, dhamana kadi ya bajaji ya mume wangu, marejesho laki mbili na nusu kila wiki kwa wiki 12. Piga hesabu mwenyewe, ni milioni tatu. Na dawa zenyewe zinataka friji, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo sindano za bei ya kiwanja zililala na dagaa wa mama mwenye nyumba, na umeme ukikatika mimi ndiye niliyekuwa napata presha.

Lakini siyo hilo linaloniuma. Mayai yalirutubishwa vizuri, siku ya tano tukawa na viinitete vinne, yaani mayai yaliyorutubishwa yakaanza kukua. Wakapandikiza viwili. Viwili vilivyobaki nikaambiwa kugandisha kuna bei yake, na kuhifadhi kuna bei ya kila mwaka, na jibu linatakiwa leo. Leo! Nimelala kitandani, simu ina elfu kumi na nne. Mume wangu akapiga simu kwa watu wanne, wote "nipo msibani". Nikasaini karatasi kwamba visihifadhiwe.

Wiki mbili baadaye kipimo kikasoma hasi. Kama vile viwili ningevigandisha, raundi ya pili ingekuwa kuviyeyusha na kupandikiza tu, bila zile sindano zote na bila kuvuna tena. Sasa naanza moja. Mpaka leo nikipita karibu na lile jengo navuka barabara. Na dada wa asali nilipompigia aliniambia, "Ila mpenzi, hukuuliza."

Kwa hiyo uliza. Dai karatasi, kila kitu na bei yake, mpaka siku ya kipimo cha mimba: dawa kwa dozi ya juu na siyo ya chini, ultrasaundi ni ngapi, dawa ya usingizi, maabara, kugandisha, kuhifadhi mwaka mmoja, dawa za baada ya kupandikiza, na wakisimamisha katikati unarudishiwa nini. Iwe na muhuri. WhatsApp siyo karatasi, simu ndiyo kabisa. Halafu hela yote iwe mkononi kabla ya sindano ya kwanza, ya kugandisha ikiwa ya kwanza kutengwa. Ikipungua, ahirisha mwezi. Najua umri wako umeuandika, najua unavyoogopa, mwambie daktari wako huo wasiwasi. Ila kuahirisha mwezi kuliniogopesha na mimi, na nimeishia kuahirisha miaka.

Bima ya kazini kwangu ililipa vipimo vya damu na ultrasaundi za mwanzo, upandikizaji wakakataa katakata. Waulize wako kabla ya kwenda kupima, usipime kwa hela yako kitu ambacho wangelipa. Mkopo chukua SACCOS ya kazini, unakatwa kwenye mshahara na unalala usingizi. Kausha damu wakikupigia, zima simu. Mimi sasa hivi nipo mwezi wa tisa. Wa kuweka akiba, siyo wa mimba, msianze kunipongeza.

Umeandika wanataka laki tano ya kushika nafasi ifikapo Ijumaa. Umeshatuma au bado? Jibu hapa hapa kabla hujagusa simu.