Mita moja, wapangaji wengi

Wiki hii mmeuliza kama mchezo wa kompyuta wa The Sims unaweza kumfundisha kijana kusimamia bili za nyumbani. Swali limenigusa, maana hapa Mwanza ugumu wa bili mara nyingi huanza pale watu wanapotakiwa kuchangia.

Katika The Sims 4, uliotoka mwaka 2014, mhusika akiwa peke yake huanza maisha na Simoleon 20,000, yaani fedha za mchezoni, bili humfikia kwa sanduku la barua, na asipolipa hukatiwa umeme na maji. Hakuna anayegongewa mlango usiku achangie uniti za umeme. Huku kwetu nyumba nyingi za kupanga zina mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kwa wapangaji wote, na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo, hivyo anayetangulia kununua umeme wa mwezi ndiye humlipia mwenye nyumba kodi yake. Kwa sababu hiyo nilikusudia kuandika kwamba mchezo huo hauna la kutufundisha.

Hata hivyo, nakumbuka kikao cha wapangaji tulipokuwa tunaishi Mabatini. Mama mmoja mchuuzi alikuwa na friza ya kuhifadhia sato wa kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ikinguruma usiku na mchana, naye alichangia sawa na mwanafunzi wa chuo mwenye taa moja na chaja ya simu. Mwanafunzi akagoma. Mama akamjibu, "Mwanangu, maji ya baridi unayokunywa kila siku yanatoka wapi?" Tukanyamaza wote, kwa kuwa ilikuwa kweli. Maneno yalizunguka hapo hapo hadi giza likaingia, ndipo mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye hucheza The Sims kila likizo, alipoomba ruhusa ya kusema. Alieleza kuwa mchezoni bili hupanda kadiri thamani ya nyumba na vitu vyake inavyopanda, basi na sisi kila chumba kitaje vyombo vyake vya umeme na kichangie kulingana na thamani yake. Akashika daftari, akapita mlango kwa mlango akiandika pasi, redio, feni, hita ya ndoo. Yule mama ndiye aliyefungua mlango wa kwanza, akakubali kulipa mafungu mawili. Mwanafunzi akapangiwa nusu fungu.

Kasoro ilikuwepo, nayo ilitoka mchezoni: bei ya chombo haionyeshi ulaji wake. Hita ya ndoo hununuliwa kwa fedha kidogo, lakini inapochemsha maji hula umeme kuliko televisheni ya bei kubwa, kwa hiyo baadaye tulilazimika kusoma wati na kukadiria saa za matumizi.

Basi jibu langu ni ndiyo, vijana wa sekondari wacheze, mradi nyumbani wapewe pia zamu ya kukusanya michango ya LUKU. Kwa wenye mita yao peke yao sina hakika kama jibu hili linawafaa.